OutRun kwenye Switch: namna ya kutanua bila kupoteza spidi

Dereva wa Dar hafundishwi kuchomekea wala kutanua (kupita pembeni, nje ya lami), anazaliwa navyo. Vyote viwili vimo ndani ya OutRun, gemu ya kuendesha gari ya kampuni ya Sega ya mwaka 1986, ila hicho cha pili nimekigundua uzeeni.

Mara ya kwanza niliicheza Magomeni, kwa kaseti ya Mega Drive, mashine ya gemu ya Sega ya nyumbani, shilingi 50 kwa mchezo, na mwenye kibanda akiipuliza ile kaseti kama anawasha jiko la mkaa. Siku hizi ninayo kwenye Switch Lite, mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo. Hii imetengenezwa na studio ya M2 ya Japani katika Sega Ages, mfululizo wa gemu za zamani za Sega, na haikutokana na ile kaseti yetu. Imetokana na mashine kubwa ya ukumbini, ile ya kukalia ndani, kiti kinayumba ukikata kona. Milima inapanda na kushuka kwelikweli. Nilipoiona nikajua Magomeni tulikuwa tunapewa makombo.

Kununua kwanza. Akaunti yako ya Nintendo na kadi ya kulipia viwe vya nchi moja. Mdogo wangu alinunua kadi ya Uingereza na akaunti yake ni ya Marekani, akashinda siku nzima ananilaumu mimi fundi simu. Mimi niliilipia dola 7.99.

Kabla hujakanyaga mafuta, ingia kwenye mipangilio. Weka fremu (picha) 60 kwa sekunde, mara mbili ya zile za mashine ya zamani, na picha ijaze kioo chote. Kisha hamishia gia kwenye batani ya bega, pale kidole cha shahada kinapolala chenyewe. Usilipuuze hili la gia, utaona mbele kwa nini. Chomeka na spika za masikioni, maana kabla ya kuondoka unachagua muziki kwenye redio ya gari, na muziki ndio nusu ya gemu.

Sasa, watu wengi wanakosea hapa: wanaicheza kama mashindano. Hakuna wa kumshinda. Magari unayoyaona mbele ni foleni tu, watu na shughuli zao. Adui yako ni saa iliyoko juu ya kioo. Safari moja ina vipande vitano, na kila kipande kikiisha barabara inagawanyika, isipokuwa cha mwisho. Kushoto ni rahisi, kulia ni kugumu. Jumla kuna vipande 15 na miisho mitano. Wiki ya kwanza nenda kushoto tu: Coconut Beach, Gateway, Desert, Wilderness, Vineyard. (Coconut Beach si Coco Beach yetu. Minazi ipo, mihogo hakuna.)

Gia ziko mbili. Ondoka na ndogo, injini ikianza kulia weka kubwa, spidi itapanda hadi kilomita 293 kwa saa. Kwenye kona sahau breki. Achia mafuta kidogo na uguseguse usukani. Ukiubana upande mmoja muda wote gari inateleza nje, unagonga bango, inabingirika, wewe na yule dada mliyepanda naye mnatupwa barabarani, na saa haiwasubiri.

Haya, kutanua. Kwa kawaida ukigusa majani spidi inakufa. Lakini ukiwa gia kubwa na mwendo umekolea, mguu usitoke kwenye mafuta: shusha gia ndogo, irudishe kubwa papo hapo, kwa haraka ya kupepesa jicho, halafu ndipo uingie majanini. Ukiona matairi yanatoa moshi, umeipata, na gari itapita pembeni kama iko kwenye lami. Nguvu yake ni ya muda mfupi, kwa hiyo ukiendelea kukaa nje rudia tena. Jifunzie Coconut Beach, barabara pana, usijaribie kwenye miamba. Mimi vidole vilikataa siku tatu. Siku ya nne nikayapita magari manne kwa kushoto, nikacheka peke yangu kwenye foleni ya pantoni Kivukoni hadi mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akasogea pembeni.

Pantoni ndipo pazuri pa kuchezea. Safari nzima ya gemu ni dakika chache tu, na kuvuka kwenda Kigamboni kunatosha. Kwenye daladala, ukiwa umekaa dirishani, iache kwenye begi. Vibaka hawaulizi umefika kipande cha ngapi.

Ukizoea, anza kukunja kulia. Mwisho wa kulia kabisa ni Lakeside. Nimefika huko mara mbili, na mara ya pili pantoni ilishashusha watu, ikapakia, nikajikuta narudi nayo Kivukoni.