Namna ya Kujenga Bwawa Dogo la Bustani Nyumbani

Bwawa ninalolieleza hapa lina urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 60, na watu wawili wenye jembe, sururu na koleo hulichimba kwa siku moja ikiwa ardhi haina mawe.

Anza kwa kuchagua mahali panapopata jua la saa 5 au 6 kwa siku, ili yungiyungi lichanue, huku pakipata kivuli alasiri, kwa sababu maji yenye joto kali hupungukiwa hewa na samaki huja juu wakihema. Usichimbe chini ya mwembe, kwani majani yake huoza majini, wala chini ya mwarobaini, ambao majani na mbegu zake zina sumu inayowadhuru samaki.

Chora umbo kwa kamba na majivu, kisha uchimbe kuta zilizolala kidogo, ukiacha kidato kama cha ngazi chenye upana wa sentimita 30 kwenye kina cha sentimita 25, ambapo mimea itakaa.

Kazi inayotaka uangalifu kuliko zote ni kusawazisha ukingo. Bwawa langu la kwanza nililikadiria kwa macho, na lilipojaa, upande mmoja ulimwagika ilhali upande wa pili ulibaki na plastiki tupu ya upana wa kiganja, ikanibidi nilikaushe na kuanza upya. Tumia mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule ambao mafundi ujenzi husawazishia msingi: ujaze maji bila kuacha povu ndani, shikilia ncha moja kwenye kigingi kimoja na ya pili kwenye kingine, na uweke alama maji yanapotulia. Ukingo wote uinuke sentimita 10 juu ya ardhi, ili mvua za masika zisiingize tope.

Ondoa mizizi na mawe, tandika mchanga laini wa sentimita 5, juu yake magunia makuukuu, halafu plastiki nene ya kutandikia mabwawa ya samaki. Nailoni nyembamba hupasuka kwa jua. Ili kupata urefu wa plastiki, chukua urefu wa bwawa, ongeza kina mara mbili, kisha ongeza sentimita 60 za kukunja ukingoni. Kwa bwawa hili ni mita 3.8, na upana, kwa hesabu hiyo hiyo, ni mita 3.3. Jaza maji polepole ukinyoosha mikunjo, na usikate plastiki iliyozidi kabla bwawa halijajaa, kwa kuwa uzito wa maji huivuta chini. Mawe bapa yatashikilia kingo.

Panda yungiyungi ndani ya beseni lenye udongo wa mfinyanzi uliofunikwa kwa kokoto. Gugu maji usiliingize kamwe, hata ukipewa bure. Madhara yake tumeyaona Ziwa Victoria.

Kama maji ni ya bomba, yaache siku 2 au 3 ili klorini ipungue, lakini usikawie zaidi kuweka samaki, kwa sababu katika joto letu yai la mbu huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 10 hivi, na bwawa lisilo na samaki ni hatari kwa nyumba nzima na kwa majirani. Perege wadogo 5 au 6 wanatosha kula viluwiluwi. Kambare hukua mno na kuwala wenzake. Kama nyumbani kuna watoto wadogo, funika bwawa kwa wavu wa chuma uliofungwa imara kabla ya kutia maji, kwani mtoto huweza kuzama hata katika maji ya kina kifupi.

Kwa mwezi wa kwanza, chota maji ya kingoni kwa bakuli jeupe kila baada ya siku 3. Ukiona viluwiluwi, punguza mimea inayowaficha na upunguze chakula unachowatupia samaki, ili njaa iwarudishe kuwinda.