Jinsi ya kurudisha ulichoiba kabla hujaokoka

Wiki iliyopita nilimsindikiza kijana mmoja wa ushirika wetu kurudisha fedha kwa tajiri wake wa zamani. Alikuwa ameahirisha miezi mitatu. Naandika njia tuliyopita, maana mimi niliivuruga yangu mara mbili.

1. Andika. Kwenye daftari, kwa kalamu. Sipendi simu kwa kazi hii: aibu ikikubana unafuta. Na usiandike "niliwakosea watu wengi". Andika "misumari ya inchi nne, kilo tatu, duka la karibu na stendi".

2. Omba. Hapa huhitaji mwalimu.

3. Piga hesabu. Walawi 6:5 inataka urudishe chote na kuongeza sehemu ya tano. Ulichukua 50,000? Peleka 60,000. Zakayo alitaja mara nne, lakini alijipangia mwenyewe, hakuna aliyemshurutisha. Kama ulichukua vitu, tumia bei ya leo. Saruji ya leo huipati kwa bei ya miaka kumi iliyopita.

4. Nenda ukaseme. Hapa ndipo nilipokwama.

Nilikuwa muuzaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kula cha juu kwenye mabati na saruji. Nilipookoka nikaona njia rahisi: nikamtumia bosi fedha kwa simu pamoja na ujumbe wa toba. Akadhani ni wale matapeli wa "tuma kwa namba hii". Akairudisha yote, akanizuia.

Mara ya pili nikaenda mwenyewe, lakini Jumamosi, wateja wamejaa kaunta. Halafu nikaanza na "unajua bosi, mshahara ulikuwa mdogo". Hakusikia toba, alisikia lawama. Nikatoka na bahasha yangu na ugomvi juu.

Kwa hiyo: nenda saa ambayo yuko peke yake. Salimia, kaa, sema kwa ufupi: "Bosi, nilipokuwa hapa nilikula cha juu karibu mwaka mzima. Fedha ni hizi. Naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Usitie "lakini" popote, wala usiwataje mliokula nao. Hao watakuja wenyewe. Fedha haijatimia? Peleka iliyopo, mpatane tarehe. Akikataa kusamehe, bado umelipa. Msamaha si chenji ya kukudai. Anaweza pia kwenda polisi, na hilo ulikubali kabla hujatoka nyumbani. Ila kama dhambi yenyewe ni ya kuvunja ndoa ya mtu mwingine, usiende kabisa kabla hujakaa na mchungaji.

Mara ya tatu nilikwenda hivyo. Bosi wangu alihesabu noti mara mbili, akaniangalia. "Na yale madebe mawili ya rangi?" Nilikuwa nimeyasahau kabisa. Nikayaandika pale pale mbele yake.

5. Mwenyewe akiwa amefariki, wape warithi. Hakuna warithi, Hesabu 5:8 inaielekeza kwa Bwana, mkononi mwa kuhani. Kwetu inaingia kwenye sadaka.

6. Shuhudia. Ndugu wa uamsho wa Afrika Mashariki, tangu Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, wanaita huku kutembea nuruni. Dakika tatu zinatosha. Wengine husimulia wizi wao kwa utamu hadi watoto wanautamani.

Kijana wetu amebakiza mistari miwili kwenye daftari. Mmoja ni wa shangazi yake, na huo amesema ataenda peke yake.