Adapta ya Wi-Fi ya USB Inapokaa Kimya kwenye Linux: Hatua za Kufuata kwa Chipu ya RTL8811CU

Adapta ya Wi-Fi ya USB inapogoma kufanya kazi kwenye Linux, wengi hukimbilia kutafuta draiva kwa jina lililoandikwa kwenye boksi, na hapo ndipo saa nyingi hupotea. Linux hutazama namba ya utambulisho wa chipu iliyomo ndani, na jina moja la biashara laweza kubeba chipu tofauti kabisa. TP-Link TL-WN722N ni mfano mzuri: toleo la 1 lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, lakini kuanzia toleo la 2 mkawekwa Realtek RTL8188EUS, yenye draiva nyingine. Hapa nitatumia Realtek RTL8811CU, ambayo hupatikana katika adapta ndogo zinazouzwa kwa maandishi ya "AC600", kwenye Ubuntu 22.04 yenye keneli (kiini cha mfumo wa Linux) 5.15.

Kwanza tafuta intaneti ya muda. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, kisha ruhusu simu isambaze mtandao kupitia USB. Ubuntu huipokea kama mtandao wa waya. Waya uwe ule unaopitisha data, kwa kuwa baadhi ya nyaya za bei ya chini huchaji tu. Simu ikiwa imeunganishwa na Wi-Fi ya nyumbani, itapitisha Wi-Fi hiyo bila kugusa bando lako.

Hatua ya 1: Itambue chipu

Chomeka adapta, fungua terminali, kisha andika:

lsusb

Tafuta mstari wenye namba mbili zilizotenganishwa na nukta pacha. Namba ya kwanza ni ya mtengenezaji na ya pili ni ya kifaa: 0bda ni Realtek, na 0bda:c811 ni RTL8811CU iliyo tayari kutumika kama Wi-Fi. Ikiwa hakuna mstari wowote unaoongezeka unapoichomeka, usiguse draiva kabisa. Badilisha tundu la USB, ondoa kigawanyio cha USB kama unakitumia, na uijaribu adapta kwenye kompyuta nyingine.

Hatua ya 2: Itoe kwenye hali ya CD

Hiki ndicho kikwazo kinachowachanganya watu kuliko vyote. Mara nyingi lsusb haitaonyesha c811 bali 0bda:1a2b, na kwenye kompyuta kutajitokeza diski ndogo yenye faili za Windows. Watengenezaji waliweka draiva ya Windows ndani ya adapta yenyewe, hivyo inapochomekwa hujitambulisha kwanza kama CD, ikisubiri kuambiwa igeuke kuwa Wi-Fi. Maadamu iko katika hali hiyo, hata draiva sahihi kabisa haitaigusa, kwa sababu kwa macho ya keneli hakuna kifaa cha Wi-Fi kilichochomekwa. Sakinisha programu ya kuigeuza, kisha uiamuru:

sudo apt install usb-modeswitch
sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b

Subiri sekunde chache, kisha rudia lsusb. Namba ikibadilika kuwa c811, umevuka. Chomoa adapta na uichomeke tena ili kuona kama sasa inageuka yenyewe, kwani kifurushi hicho huja na kanuni za kuvigeuza vifaa vya aina hii. Isipogeuka, utalazimika kurudia amri ile kila unapoichomeka, au kuandika kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinavyochomekwa) ya kuifanya kazi hiyo.

Hatua ya 3: Hakikisha keneli ina draiva

Andika amri hizi mbili:

uname -r
lsusb -t

Ya kwanza hutaja toleo la keneli. Ya pili huonyesha mti wa vifaa vya USB, na mbele ya kila kifaa kuna neno Driver. Likifuatwa na nafasi tupu au neno none, hakuna draiva iliyokishika kifaa hicho. Draiva ya USB ya RTL8811CU iliingizwa kwenye keneli ya Linux katika toleo la 6.2, mwaka 2023, kwa hiyo keneli 5.15 haina namna ya kuitambua.

Una njia mbili. Unaweza kupakua msimbo wa draiva na kuijenga mwenyewe kwa DKMS (zana ya kujenga draiva zisizomo ndani ya keneli), au unaweza kupandisha keneli. Miongozo mingi hupendekeza njia ya kwanza. Mimi napendekeza ya pili pale inapowezekana, kwa sababu draiva iliyomo ndani ya keneli husasishwa pamoja nayo, ilhali ile ya DKMS hulazimika kujengwa upya kila keneli inapobadilika, na ikishindikana Wi-Fi hupotea. Kwa Ubuntu 22.04:

sudo apt update
sudo apt install linux-generic-hwe-22.04

Upakuaji huu waweza kufika mamia ya megabaiti. Ukishawasha kompyuta upya, hakikisha draiva, ambayo jina lake ni rtw88_8821cu, ipo na inaitambua chipu yako:

modinfo rtw88_8821cu | grep -i c811

Hatua ya 4: Soma keneli inasema nini

sudo dmesg | grep -iE "rtw|firmware"

Ukiona rtw8821c_fw.bin ikitajwa pamoja na "failed with error -2", draiva ipo ila programu dhibiti ya chipu haikupatikana. Kwenye Ubuntu sakinisha linux-firmware. Kwenye Debian ni firmware-realtek, iliyomo katika sehemu ya non-free-firmware.

Waliochagua DKMS hukutana na tatizo jingine: "Key was rejected by service". Hiyo ni Secure Boot (ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka) ikikataa draiva isiyo na saini inayotambulika. Andika sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, weka nenosiri la muda, kisha uwashe kompyuta upya na uchague Enroll MOK (kusajili ufunguo wa saini) kwenye skrini ya buluu. Skrini hiyo haisubiri muda mrefu, kwa hiyo usiondoke mbele ya kompyuta.

Hatua ya 5: Mtandao hauonekani, au unakatika

Draiva ikiwa imeshika lakini orodha ya mitandao ni tupu, andika rfkill list. Ukiona "Soft blocked: yes", yaani Wi-Fi imezimwa kwa programu, amri sudo rfkill unblock wifi inatosha.

Kukatika-katika kuna sababu mbili za kuanzia. Ya kwanza ni uokoaji wa umeme: fungua faili /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf, badilisha wifi.powersave = 3 iwe 2, kisha uandike sudo systemctl restart NetworkManager. Ya pili ni tundu la USB 3.0, ambalo likiwa na diski au flashi inayofanya kazi hutoa kelele ya redio katika masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz. Hamishia adapta kwenye tundu la USB 2.0, au tumia waya wa kurefushia ili ikae mbali na diski hiyo. Ruta yako ikiwa na 5 GHz, unganisha huko, kwani RTL8811CU hutumia masafa yote mawili.