Kulifanya gitaa kavu lisikike kwenye spika kama linavyosikika bila spika

Gitaa kavu lenye pikapu (kinasa sauti cha gitaa) ya ndani, likichomekwa moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti), mara nyingi hutoa sauti nyembamba ya puani, yenye kugonga kila uzi unapochunwa. Chanzo chake kinajulikana. Pikapu ya magitaa mengi ya aina hii ni piezo, yaani utepe mwembamba uliolazwa chini ya mfupa wa daraja, nao hupokea mgandamizo wa nyuzi hapo hapo, kabla ubao wa mbele haujaitikisa hewa. Sikio hupokea kitu kingine: hewa iliyotikiswa na ubao mzima na kutoka kwenye tundu. Kwa hiyo kazi iliyopo mbele yetu ni zaidi ya kupunguza kuliko kuongeza, na ifanywe kwa mpangilio ufuatao, kwa kuwa kasoro iliyoanzia kwenye gitaa haiondolewi na kitufe chochote cha mikisa.

Hatua ya 1: Gitaa lenyewe

Badilisha betri ya volti 9 kabla ya onyesho lolote la maana. Betri inayochoka haizimiki ghafla. Huanza kukwaruza pale unapopiga kwa nguvu, na fundi mitambo atadhani tatizo ni kebo. Katika magitaa mengi, kuchomeka jeki ndiko kunakowasha priampu (kikuza sauti kidogo kilichomo ndani ya gitaa), hivyo ukiacha kebo ndani usiku kucha utakuta betri imekwisha. Nyuzi nazo zisiwe zimefubaa, maana zikifubaa utashawishika kuongeza trebo (sauti za juu), na trebo ya piezo ndiyo yenye mlio wa plastiki. Endapo uzi mmoja unatoa sauti ndogo kuliko wenzake, sehemu ya chini ya mfupa wa daraja haiulalii utepe sawasawa. Hiyo ni kazi ya fundi wa magitaa.

Hatua ya 2: Njia ya kufika kwenye mikisa

Piezo isiyo na priampu inahitaji kuingia kwenye kifaa chenye impedansi (ukinzani dhidi ya umeme wa sauti) ya ohm milioni 1 au zaidi. Vifaa vingine hufika hadi milioni 10. Ukiipeleka kwenye tundu la kawaida la mikisa, ambalo huwa na ohm elfu kumi hivi, besi na unene wa sauti hupotea kabla hujagusa kitufe chochote. Kiboksi cha DI (kiunganishi kati ya gitaa na mikisa) kisichotumia umeme nacho, kwa impedansi yake ya ohm laki moja na ushei, hakifai kwa pikapu hiyo. Tumia DI inayotumia umeme, ama wa betri ama wa volti 48 zinazotoka kwenye mikisa. Gitaa lenye priampu yake ya ndani halina shida hiyo, na DI yoyote nzuri italifaa. Mwombe fundi mitambo azime sauti ya chaneli yako kila unapochomeka au kuchomoa.

Hatua ya 3: Spika

Epuka amplifaya ya gitaa la umeme. Spika yake huanza kushuka kwenye kilohezi 5 hivi, ilhali mng'aro wa nyuzi za gitaa kavu unaendelea juu zaidi ya hapo. Spika za ukumbini zenye twita (spika ndogo ya sauti za juu), au amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa kavu, ndizo zinazofaa.

Hatua ya 4: Kiwango cha kuingilia

Weka vitufe vyote vya besi, kati na trebo kwenye saa sita, yaani katikati, kisha piga kwa nguvu ile ile utakayotumia kwenye wimbo wako mkali kuliko zote. Panda na geini (kitufe cha nguvu ya sauti inayoingia) hadi vilele vya sauti vifike karibu na desibeli -12 kwenye mikisa ya kidijitali.

Hatua ya 5: Kuchonga sauti

Kwanza mpe mtu gitaa, asimame mita moja mbele yako, apige bila spika. Mchezaji hulisikiliza gitaa lake kutoka juu, kwa hiyo kile anachokijua yeye si kile wanachokisikia walioketi mbele, na sauti utakayoitafuta ni hiyo ya mbele.

Sasa kata chini ya hezi 80. Uzi mnene ukiachwa wazi hutoa hezi 82, kwa hiyo hupotezi noti yoyote. Unachoondoa ni vishindo vya mkono na miguu jukwaani. Kukiwa na gitaa la besi kwenye bendi, unaweza kupanda hadi 120.

Baada ya hapo shughulikia sauti za kati, ambako ndiko ile ya puani inakokaa. Kama mikisa ina kitufe cha kuhamisha masafa, pandisha sauti za kati kwa desibeli 6, kisha, mwenzako akiendelea kupiga kodi ya G taratibu, hamisha masafa kutoka hezi 500 hadi kilohezi 2.5. Utafika mahali ambapo sauti inachukiza kabisa. Simama hapo, geuza kitufe upande wa pili, na ukate desibeli 3 hadi 6. Mwenye vitufe vitatu tu arudishe cha kati kushoto kidogo, hadi saa nne, na aridhike. Wako mafundi wanaopenda kupandisha besi na trebo na kuzamisha kabisa sauti za kati. Hiyo hupendeza gitaa likiwa peke yake, lakini ngoma na kinanda vikiingia halisikiki tena.

Hatua ya 6: Fidibaki

Fidibaki ni mvumo au mlio unaotokea gitaa linapopokea tena sauti ya spika. Bonyeza kwanza kitufe cha fezi (kinachogeuza mwelekeo wa mawimbi ya sauti), kama kipo, maana mara nyingine hicho pekee hutosha. Kisha, kwa sauti ya onyesho, piga uzi mnene freti (nafasi kati ya vyuma vya shingoni) moja moja kuanzia ya 1 hadi ya 5. Kasha la gitaa kubwa huvuma lenyewe karibu na hezi 100, kwa hiyo freti ya 3, ambayo ni G ya hezi 98, au ya 4, ndizo zinazoelekea kuendelea kulia hata baada ya kuinua kidole. Kata masafa ya noti hiyo tu, kwa upana mdogo sana. Mahali pengine pa kuchunguza ni karibu na hezi 200, jirani na uzi wa tatu ulio wazi. Kizibo cha mpira kwenye tundu la gitaa husaidia sana jukwaa linapokuwa na kelele, na monita (spika ya mchezaji kujisikiliza jukwaani) isielekezwe kwenye tundu hilo.

Hatua ya 7: Mwisho wa uchongaji

Kompresa (kifaa cha kupunguza sauti inapozidi) ya 2:1 inatosha, na mwangwi uwe kidogo. Piezo hukuza mshtuko wa kidole, kwa hiyo chuna kwa upole na uache spika ifanye kazi. Ukumbi ukiwa tulivu, ongeza maikrofoni ya kondensa sentimita 25 hivi kutoka freti ya 12. Palipo na ngoma usijisumbue nayo. Watu wakishajaa, sikiliza tena, kwa kuwa miili na nguo hufyonza trebo, na nyongeza ya desibeli 1 au 2 wakati huo ni halali.