Borrow au lend? Tazama kitu kinaelekea wapi

Kosa la kuchanganya borrow na lend linatoka kwenye Kiswahili chetu, maana "azima" hubeba pande zote mbili: niazime kalamu, nimeazima kalamu kwa Juma. Kiingereza hakikubali hivyo.

Kitu kikija kwako, ni borrow, pamoja na from: I borrowed a pen from Juma. Kikitoka kwako, ni lend, pamoja na to: I lent a pen to Juma. (Lended hakuna.)

Ukikwama, jaribu "kopa" (borrow) na "kopesha" (lend). "Nikope kalamu" badala ya "Nikopeshe kalamu" inakwaruza sikio, na "Borrow me your pen" inamkwaruza Mwingereza vilevile. Sema "Lend me your pen". Kwa mwalimu au bosi, "Could I borrow your pen?" ina adabu zaidi.