Jinsi ya kuomba hela za fidia ya opioidi kwenye kaunti yako, kwa wenye vikundi huku Marekani

Ndugu zangu mlioko huku Marekani, hasa nyie wenye vikundi vya jamii, makanisa na misikiti, kuna hela zipo kwenye kaunti zenu na wengi hamna habari. Ni fidia ya kesi za opioidi, zile dawa za maumivu zilizoanzia kwenye vidonge vya hospitali zikaishia fentanili mitaani. Wasambazaji watatu, McKesson, Cardinal Health na AmerisourceBergen, pamoja na Johnson & Johnson, walikubali kulipa hadi dola bilioni 26, na hao wasambazaji wanalipa kidogokidogo kwa miaka 18 kwa hiyo bado hujachelewa.

Kabla hujashika kalamu elewa hivi, hizi sio kodi. Mwaka 1998 majimbo 46 yalikubaliana na kampuni za sigara, ilitajwa dola bilioni 206 kwa miaka 25, halafu majimbo mengi yakazimwaga kwenye bajeti ya kawaida, mengine yakakopa kabisa kwa kuweka rehani malipo yajayo, na wavuta sigara waliotakiwa kusaidiwa wakaambulia kidogo sana. Ndio maana safari hii mkataba wa wasambazaji ukabana kwamba angalau 85% iende kutibu madhara ya opioidi. Ombi lako linasimama hapo.

Kwanza tafuta hela ziko mfuko gani, maana kila jimbo lina mgao wake. Minnesota 75% inaenda kwa kaunti na miji, kwa hiyo anzia kwenye kaunti yako. Ohio 55% iko kwa OneOhio Recovery Foundation, huko unaomba kwao wakifungua dirisha.

Pili, karatasi. Namba ya EIN, yaani namba ya kikundi ya mambo ya kodi, inatolewa na IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) bure kabisa, mtu akikudai hela ya kukutafutia usimpe. Kama kikundi hakijasajiliwa kama shirika lisilo la faida, tafuta shirika lililosajiliwa liwashikie hela kwa makubaliano ya maandishi, wafadhili wengi wanakubali hivyo.

Tatu, na hapa ndo watu wengi wanakwama, soma Kiambatisho E (Exhibit E) cha mkataba. Kina orodha ya matumizi yanayoruhusiwa: kugawa nalokisoni (dawa ya kumzindua mtu aliyezidiwa na opioidi), matibabu ya uraibu kwa dawa, akina mama wajawazito, walioko jela, kinga kwa vijana. Chagua moja au mawili tu kisha andika kwa maneno yaleyale ya orodha, yaani kama mnataka kufundisha wazazi kwa Kiswahili namna ya kutumia nalokisoni mtoto akizidiwa, taja kipengele chenyewe usiandike tu "kuelimisha jamii".

Nne, bajeti. Onyesha hela inaongeza kitu kipya. Sisi mara ya kwanza tulirudishiwa ombi kwa sababu tuliweka mshahara wa mkalimani ambaye kaunti ilikuwa tayari inamlipa, na kwa kweli walikuwa sahihi, maana ukilipa kwa fidia kitu ambacho bajeti inakilipa, ile hela ya bajeti inahamia kwingine na mgonjwa hapati chochote cha ziada. Tukabadilisha tukaweka masaa ya jioni na wikendi, hayakuwepo kabisa, wakapitisha.

Tano, nenda kwenye kikao cha makamishna wa kaunti. Ni cha wazi, unajiandikisha unapewa dakika chache, ongea kwa namba za mtaa wako na mchukue mama aliyefiwa kama yuko tayari, asilazimishwe.

Ukiona kaunti inanunulia hela hizi magari au inaziba nazo pengo la bajeti, andika barua ya kuomba rekodi za matumizi, kila jimbo lina sheria ya rekodi za umma na huhitaji wakili. Taja mwaka, mfuko na uombe mchanganuo wa kila malipo, halafu tunza nakala yenye tarehe uliyotuma.

Mkipata, fungueni akaunti ya peke yake na kila risiti ipigwe picha siku hiyohiyo.