Namna ya Kupanga Mzunguko wa Kikundi cha Kuweka na Kukopa Uendane na Msimu wa Kilimo

Mwenye duka hupata fedha kila siku na anaweza kurejesha mkopo wake wiki hadi wiki. Mkulima wa mazao ya msimu hupata fedha mara moja au mbili kwa mwaka, kisha sehemu kubwa ya fedha hizo humtoka katika majuma machache ya kulima, kupanda, kupalilia na kuweka mbolea. Hata hivyo, vikundi vingi vya wakulima vya kuweka na kukopa huanza mzunguko siku yoyote ambayo mwezeshaji alifika kijijini, na hugawana mwishoni mwa mwaka wa kalenda, bila kujali kwamba siku hiyo inaweza kuwa mbali kabisa na siku ambayo fedha zinahitajika shambani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuupanga mzunguko mzima kwa kuanzia shambani, kwa lengo moja: mwanachama anunue mbegu na mbolea ya kupandia kwa akiba yake mwenyewe, na mkopo ubaki kwa ajili ya mahitaji ya muda mfupi.

Utaratibu unaozungumziwa hapa ni ule ulioanzishwa na shirika la CARE katika eneo la Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa vikundi vya wanawake wa vijijini, na ambao sasa unatumika katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Misingi yake inajulikana. Watu 15 hadi 25 wanaofahamiana hukutana kila wiki. Kila mmoja hununua hisa kuanzia 1 hadi 5 katika kikao. Fedha huwekwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu wasio viongozi. Kila fedha inayoingia au kutoka huhesabiwa mbele ya wote. Na baada ya miezi 9 hadi 12 fedha zote hugawanywa kwa mujibu wa hisa. Mfuko wa jamii, unaosaidia wakati wa ugonjwa au msiba, huchangiwa na kutunzwa peke yake.

Anzeni na kalenda ya shamba

Kabla ya kuandika kifungu chochote cha katiba, wanachama wote wakae na kuchora miezi kumi na miwili chini, kila mwezi na kisanduku chake. Waweke punje za nafaka katika miezi ambayo fedha huingia na vijiwe katika miezi ambayo fedha hutoka, wingi wa punje na vijiwe ukionyesha ukubwa wa fedha zenyewe. Kazi hii ifanyike taratibu, na wanawake na wanaume wachore kila kundi lake kabla ya kulinganisha, kwa sababu mara nyingi anayeuza mazao si yule anayebeba gharama za palizi au za karo. Mchoro ukikamilika, miezi mitatu itajitokeza bila kuhitaji mabishano: mwezi wa kupanda, mwezi wa mavuno, na mwezi wa njaa ambao karibu kila kaya haina kitu.

Siku ya mgao ipangwe wiki tatu au nne kabla ya mvua za kupandia. Mapema kuliko hapo, fedha huishia kwenye mambo mengine. Kwa kuchelewa, mkulima hupanda mbegu aliyoikuta badala ya mbegu aliyoihitaji. Mkishapata siku hiyo, hesabuni kurudi nyuma. Mikopo mipya isitishwe miezi mitatu kabla ya mgao, na madeni yote yawe yamelipwa mwezi mmoja kabla. Kikundi kipya ambacho kimezaliwa katikati ya msimu kisione aibu kuwa na mzunguko wa kwanza wa miezi saba au minane ili kiifikie siku hiyo. Mzunguko mfupi hauna ubaya wowote, na pia huwapa wanachama nafasi ya kuuona mgao mapema na kujenga imani.

Thamani ya hisa

Hisa moja iwe na thamani ambayo mwanachama mwenye kipato kidogo kuliko wote ataweza kuilipa katika mwezi mgumu kuliko yote. Jambo hili lisiamuliwe kwa kuulizana hadharani, kwa kuwa hakuna anayependa kuonekana mnyonge mbele ya jirani zake, na matokeo yake ni kiwango cha juu kinachowafukuza wale ambao kikundi kingewafaa zaidi. Kila mmoja amtajie faraghani katibu au mwezeshaji kiasi anachokiweza, kisha kichukuliwe kile cha chini. Wenye uwezo hawapotezi chochote, kwani wanaweza kununua hisa 5 kila kikao, hasa baada ya mavuno. Thamani hiyo isibadilishwe hadi mzunguko uishe, kwa sababu hesabu yote ya mgao inasimama juu ya usawa wa hisa. Katika miezi ya njaa, kikundi kinaweza kukubaliana kukutana kila baada ya wiki mbili badala ya kuwatoza faini watu ambao kosa lao ni kukosa fedha.

Kwa nini mbegu isinunuliwe kwa mkopo

Vikundi vingi hutoza riba ya asilimia 10 kwa mwezi kwa mkopo. Kwa mchuuzi anayenunua bidhaa leo na kuzimaliza baada ya wiki tatu, kiwango hicho kinabebeka. Kwa mkulima ni jambo jingine kabisa. Tuseme amekopa 100,000, katika fedha ya nchi yoyote ile, ili anunue mbegu na mbolea, na atauza mavuno baada ya miezi sita. Atadaiwa 160,000. Mkopo huo utakuwa na faida ikiwa tu pembejeo hizo zimeongeza mavuno yenye thamani ya zaidi ya 160,000, tena kwa bei ya wakati wa mavuno, ambayo kwa kawaida ndiyo bei ya chini kuliko zote za mwaka. Mwaka wenye mvua nzuri na soko zuri, hesabu inaweza kukubali. Mwaka wa kawaida, aghalabu inakataa.

Husemwa kwamba riba hiyo haipotei kwa kuwa inarudi kwa wanachama wenyewe. Kauli hiyo ni kweli kwa kikundi kizima, lakini si kweli kwa kila mtu: mwenye hisa chache na mkopo mkubwa humlipa mwenye hisa nyingi asiyekopa. Kikundi kinachowajali wanachama wake wadogo hakina budi kulitazama jambo hili waziwazi, na dawa yake ni kuhakikisha kwamba gharama kubwa ya msimu imelipwa na mgao.

Kuna gharama moja ya shambani ambayo mkopo unaifaa, nayo ni mbolea ya kukuzia. Hii huhitajika majuma machache baada ya kupanda, wakati ambapo mkulima ameshaona kama mmea umeota vizuri na kama mvua inaendelea. Kwa hiyo fedha zitolewe wakati huo, si mwanzoni mwa msimu, na zisitolewe kwa shamba ambalo limeshaharibika. Kwa mkopo wa aina hii nashauri masharti tofauti na yale ya mkopo wa biashara: riba ndogo, kwa mfano asilimia 3 kwa mwezi, marejesho ya mara moja baada ya mavuno, na kiasi kisichozidi akiba ya mkopaji mwenyewe, ingawa mikopo mingine huruhusiwa kufika mara tatu ya akiba. Jumla ya mikopo ya shamba isivuke nusu ya fedha za kikundi. Sababu ni kwamba mvua ikikosekana huwakosa wote kwa pamoja, na kikundi ambacho fedha zake zote ziko ardhini hakitakuwa na kitu cha kuwakopesha wanachama wake siku watakapokihitaji zaidi.

Ili fedha za mbolea hiyo zipatikane ilhali sanduku limetoka kugawanywa, wanachama wakubaliane kabla ya mgao kwamba kila mmoja atarudisha idadi sawa ya hisa kama mtaji wa kuanzia. Idadi iwe sawa kwa wote na iandikwe katika kijitabu cha kila mmoja siku hiyohiyo, mbele ya kikao.

Marejesho yasimlazimishe mkulima kuuza mapema

Tarehe ya kurejesha mkopo wa shamba isiwekwe siku ya mavuno. Mkikiweka kikomo hapo, wanachama wote watapeleka mazao sokoni wiki moja na kuishusha bei wao wenyewe. Mwezi mmoja au miwili ya kusubiri hutosha kubadili hali, mradi nafaka imehifadhiwa vizuri, na kikundi kinaweza kusaidia kwa jambo dogo kama kupima ukavu wake. Chukueni chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tieni chumvi kavu kiasi cha vijiko vikubwa viwili au vitatu, ongezeni nafaka hadi theluthi ya chupa, fungeni, tikiseni kwa dakika moja kisha iacheni itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, nafaka bado ni mbichi mno, ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 15, na inapaswa kurudishwa juani. Ikianguka chini yote, nafaka inakaribia kufaa kuhifadhiwa. Kwa mahindi ya kukaa muda mrefu, unyevu mzuri ni wa asilimia 13 hivi. Nafaka kavu ikitiwa katika mifuko isiyopitisha hewa, wadudu huishiwa na oksijeni na kufa bila dawa yoyote. Mifuko hiyo inaweza kununuliwa kwa mkopo mfupi wa kikundi, na huo ni mkopo mzuri.

Andikeni mapema kitakachofanyika mvua zikikosekana

Kifungu hiki husahaulika mara nyingi, kisha kikatafutwa wakati ambapo kila mmoja ana maslahi ndani yake. Katiba iseme nani atathibitisha kwamba mazao yameharibika (wanachama watatu wanaokwenda shambani kwa macho yao wanatosha), kwamba riba itasimama kuanzia siku hiyo, na kwamba deni lililobaki litakatwa kwenye hisa za mkopaji siku ya mgao. Msamaha wa deni lenyewe usiwepo, kwa kuwa fedha hizo ni akiba za watu wengine ambao pengine nao wamepata hasara hiyohiyo. Kumpa mtu muda bila kumwongezea mzigo ni haki. Kumlipia kwa akiba ya jirani yake bila idhini ya jirani huyo si haki.

Hesabu ya mgao

Hapa ndipo vikundi huvurugika, na kwa kawaida chanzo huwa ni hesabu iliyofanywa haraka. Chukueni kikundi chenye hisa 2,400, kila hisa ikiwa na thamani ya 1,000. Siku ya mgao, baada ya kuutenga mfuko wa jamii, wahesabu fedha wanakuta sanduku lina 2,672,000, na mwanachama mmoja bado anadaiwa 40,000. Wasigawanye fedha zilizo mezani peke yake. Deni ni mali ya kikundi, kwa hiyo lijumlishwe kwanza: 2,672,000 na 40,000 ni 2,712,000. Kiasi hicho kikigawanywa kwa 2,400, kila hisa inakuwa na thamani ya 1,130. Mwenye hisa 150 atapokea 169,500, ambapo 19,500 ni faida. Mdaiwa, kama ana hisa 100, anastahili 113,000. Atakatwa 40,000 na kupokea 73,000. Jumla ya malipo yote italingana sawasawa na fedha zilizomo sandukuni, na isipolingana, hakuna anayeondoka hadi kosa lipatikane. Hesabu hii isomwe kwa sauti, hatua kwa hatua, ili hata asiyejua kusoma aweze kuikagua.

Katika wiki za mwisho, marejesho yanapoingia na mikopo imesimamishwa, sanduku hubeba fedha nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Msikae nazo nyumbani kwa mtu. Ziwekwe benki kwa saini za watu watatu au katika akaunti ya kikundi ya simu, na salio lisomwe mbele ya wote katika kila kikao.

Kikao kinachotangulia mgao kiwe cha kuagiza pembejeo. Kila mwanachama aseme kiasi atakachonunua cha mbegu na mbolea, katibu aandike, na wajumbe wawili waende kwa muuzaji aliyesajiliwa kupatana bei ya jumla, wakikagua lebo ya uthibitisho wa mbegu na tarehe iliyoandikwa juu yake. Asiyetaka kuagiza asishurutishwe, kwani fedha ni zake. Wanaoagiza walipie siku ya mgao kabla ya kutawanyika, na mzigo ugawiwe mahali palepale pa kikao, ukihesabiwa mfuko kwa mfuko kama zinavyohesabiwa fedha.